Figo la Dada

Watu wa kazini walimwita Ghorofa, na jina likamganda mpaka nyumbani. Alikuwa fundi wa lifti. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akizimaliza siku zake ndani ya yale mashimo marefu ya majengo, amesimama juu ya paa la lifti kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, taa kichwani, mikono imejaa grisi. Alipenda kusema kwamba mpanda ngazi hushuka, ila mpanda lifti hukwama, na akikwama humwita yeye.

Kwa hiyo kichwa kilipoanza kumuuma juu ya nyusi ya kushoto, hakuhangaika. Alidhani amejigonga kwenye boriti na kusahau. Lakini hayakuwa maumivu ya kugonga. Yalikuwa ya kuwaka, kama mtu anayempitishia sindano ya moto chini ya ngozi, na kofia ya kazi ikigusa tu paji la uso, machozi yalimlenga. Alimeza vidonge vya maumivu siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya tatu ilikuwa Jumamosi. Alipotoka kazini mchana alipitia kwenye kiwanda kidogo cha mikate alikofanya kazi dada yake, kofia ameivuta mpaka kwenye jicho.

Dada yake alimzidi miaka mitano. Alikuwa mbele ya tanuri akichomoa trei za mwisho. Zamani alikuwa akibeba magunia ya unga begani na kuwashinda wanaume, lakini tangu upasuaji bosi alimtoa huko akamweka kwenye tanuri. Miaka mitatu iliyopita madaktari walilitoa figo lake la kushoto wakalishonea ndani ya tumbo la mdogo wake, kwa sababu ya kwake yote mawili yalikuwa yamekufa na aliishi kwa mashine ya kusafisha damu, siku tatu kila wiki. Figo lilianza kutoa mkojo palepale juu ya meza ya upasuaji. Daktari mpasuaji ndiye aliyewasimulia, huku akicheka, na Dada hakuwahi kusikia habari tamu kuliko hiyo.

Alimwambia mdogo wake avue kofia. Ghorofa akasema ni kaupele tu, pengine grisi imemdhuru. Dada akaivua mwenyewe.

Kuanzia katikati ya paji la uso kwenda kushoto ngozi ilikuwa imeiva, na juu yake palikuwa na vipele vya maji, vishada vishada, vikishuka hadi kwenye kope. Jicho lilikuwa limevimba, limebaki ufa. Kipele kimoja kilikaa peke yake kwenye ncha ya pua. Kilichomshtua Dada ni jinsi vilivyokoma katikati ya uso, utadhani mtu amepiga mstari kwa rula. Upande wa kulia hapakuwa na kitu.

Hakuuliza zaidi. Alivua aproni, akamwomba mwenzake amalizie trei, akamshika mdogo wake mkono. Ghorofa alilalamika kwamba kliniki yake ni Jumatano, na mkewe anamngoja na chakula. Dada akamjibu kwamba mkewe atapigiwa simu njiani, na Jumatano haijafika.

Daktari wa figo waliyemkuta zamuni alikuwa yuleyule aliyemhudumia Ghorofa tangu enzi za mashine. Alikuwa mama mwembamba wa maneno machache, na wagonjwa walimwogopa kwa sababu hakujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alitazama ncha ya pua kwanza. Kisha akamulika jicho. Kisha akavuta kiti akaketi, na Dada hakuwa amewahi kumwona daktari huyu akiketi kuzungumza na mtu.

Ulikuwa mkanda wa jeshi. Dada akasema yeye alijua mkanda wa jeshi hutoka mbavuni. Daktari akamweleza kwamba hutoka popote penye mshipa wa fahamu, na safari hii umeshika mshipa wa paji la uso na jicho. Kisha akauliza kama mgonjwa aliwahi kuugua tetekuwanga utotoni.

Dada ndiye aliyejibu. Aliugua, ndiyo. Dada mwenyewe ndiye aliyeileta tetekuwanga nyumbani kutoka shuleni, akiwa na miaka kumi, na walikuwa wakilala godoro moja. Mama yao hakuwatenganisha. Alisema bora waugue pamoja, auguze mara moja.

"Basi kirusi ni kilekile," Daktari alisema. "Tetekuwanga hupona, ila kirusi chake hakiondoki. Kinaingia kwenye mishipa ya fahamu na kujificha kwenye mafundo yake. Kuna fundo moja hapa, nyuma ya shavu. Kinaweza kukaa miaka arobaini bila kusikika. Wanaokikalisha ni askari wa mwili, chembe nyeupe za damu. Kila kinapotaka kuinuka, wanakidhibiti palepale, hakifiki ngozini, hakifiki ubongoni. Watu wengi wanaishi nacho mpaka wanazeeka na hawajui."

Akamgeukia Ghorofa. "Askari wako, tumewafunga mikono sisi wenyewe."

Alikuwa akisema juu ya vidonge. Ghorofa alimeza aina tatu kila asubuhi na mbili kila jioni, na hakuwahi kukosa hata siku moja, kwa sababu alijua kazi yake: kuwazuia askari wa mwili wasilione figo la dada yake kuwa ni mgeni wakalila. Ila dawa hizo hazina macho. Haziwezi kumfunga askari anayelitaka figo zikamwacha yule anayelinda mishipa ya fahamu. Zinawafunga wote.

Daktari alichora kwenye karatasi uso wa mtu, fundo nyuma ya shavu, na njia mbili. Moja ilikwenda mbele, kwenye jicho. Ya pili ilirudi nyuma, fupi kuliko kidole, mpaka kwenye ubongo. Alisema atamwanzishia dripu ya dawa ya kuzuia kirusi kisizaliane, saa hiyohiyo. Lakini dawa hupunguza mwendo tu. Wa kumaliza kazi ni askari. Kwa hiyo alitaka kusimamisha kabisa aina moja ya vidonge, na nyingine kuikata nusu. Askari wakifunguliwa watakifuata kirusi. Hatari ni kwamba wakiwa huru wanaweza kuliona na figo.

Ghorofa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana.

"Figo hili si langu, Daktari. Nimeaminiwa nalo. Nichomeni sindano zote mlizonazo, lakini vidonge visiguswe."

Dada alimwambia asiseme hivyo, alimpa na ni lake. Ghorofa akatikisa kichwa, akakunja uso kwa maumivu ya kukitikisa. Daktari hakubishana. Alisema mgonjwa ni mtu mzima na ana akili zake, kwa hiyo ana haki ya kukataa. Kesho atamuuliza tena. Ila ajue kwamba kirusi kikishika ile njia fupi, kesho kutwa huenda asiwe na akili za kuulizwa.

Dada alirudi nyumbani jioni ile akiwa amebeba jambo ambalo hakumwambia mtu. Mdogo wake aliposema hapana, moyo wake ulitulia. Lilikuwa jambo la nukta moja tu, lakini alilisikia. Alikuwa amelilea figo lile kwa miaka mitatu kwa mawazo, kama mtu mwenye mtoto anayesoma mbali, na hakutaka liguswe.

Jumapili saa nne asubuhi alifika wodini na kumkuta wifi yake kando ya kitanda. Wifi alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye sauti ya kusikika nyuma ya darasa lenye watoto sitini, lakini asubuhi ile alinong'ona. Alisema mumewe amelala vibaya, homa imepanda, na vipele vimetokea pia kifuani na mgongoni. Daktari amepita saa moja, ameuliza tena, na jibu lilikuwa lilelile.

Ghorofa alimsalimia dada yake vizuri. Akaomba maji. Wifi alimpa kikombe na kijiko, kwa sababu midomo ilimkauka, na Ghorofa akakitazama kile kijiko kwa muda mrefu.

"Nipe hiki," alisema. "Hiki cha... hiki cha kufungulia."

Wifi akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Ghorofa hakucheka. Alikigeuza kijiko mkononi kama kifaa asichokijua, kisha akauliza wako ghorofa ya ngapi. Wodi ilikuwa chini kabisa. Dirisha lilitazama maegesho. Wakamwambia. Akauliza tena baada ya dakika moja. Mara ya tatu alipouliza, Dada alikuwa tayari yuko mlangoni akimwita muuguzi.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Alipigwa picha ya kichwa. Walimlaza ubavu wakamchota maji ya uti wa mgongo, na Dada aliyaona yakipita kwenye kichupa, meupe kama maji ya bomba, akajiuliza kitu kinachoonekana safi hivyo kinaweza kuficha nini. Saa nane mchana Daktari aliwaita wote wawili kwenye korido. Maji yale yalikuwa na chembe nyingi ambazo hazikupaswa kuwemo. Kipimo cha kirusi chenyewe kitarudi kesho, lakini yeye hahitaji kukingoja. Kirusi kimeingia. Askari wachache waliosalia wamejaribu kukizuia mlangoni na wamezidiwa nguvu.

"Sasa yeye hawezi kuamua," alisema. "Kisheria ni mke. Nawapa nusu saa, kwa sababu sina zaidi ya hapo."

Akaondoka. Wifi alisema palepale kwamba atasaini dawa zipunguzwe. Dada akamkumbusha kwamba mwenyewe amekataa mara mbili kwa kinywa chake, akili zikiwa timamu, na neno la mtu ni lake hata akiwa hajiwezi. Alisema mengine pia: kwamba wifi yake hajui kulala juu ya meza ile na kuamka umepungua, kwamba ni rahisi kutupa kitu ambacho hukukitoa mwilini mwako. Ulimi hauna mfupa. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kwenye kuta za korido alitamani kuyameza.

Wifi hakupandisha sauti.

"Figo ulimpa wewe, na nitakushukuru mpaka naingia kaburini," alisema. "Lakini mume hukunipa wewe. Nataka arudi anijue, hata kama atarudi kwenye mashine. Na alikataa kwa ajili yako, wifi. Si kwa ajili ya figo. Anaogopa kukutazama usoni."

Dada akaingia wodini peke yake.

Ghorofa alikuwa amefumba jicho zima. Lile jingine lilikuwa limejifunga lenyewe. Dada alikaa, akamshika mkono, akamwita kwa jina la utotoni. Jicho likafumbuka. Lilimtazama kwa upole, lakini halikumjua. Kisha mdogo wake akaanza kuongea kwa sauti ambayo Dada hakuwahi kuisikia, sauti ya kazini, tulivu na ya heshima.

"Mama, usiogope. Kaa mbali na mlango. Usijaribu kuufungua kwa mikono, unaweza kuumia. Hewa ipo ya kutosha. Mimi niko hapa nje na siondoki mpaka utoke."

Dada alimuuliza yeye ni nani.

"Fundi," alisema. "Umekwama na nani humo ndani?"

Dada alimwambia yuko na mdogo wake. Ghorofa akamuuliza kama mdogo wake anaumwa au anaogopa tu. Dada akauweka ule mkono juu ya shuka, akatoka, akamkuta Daktari amesharudi na fomu, na wifi yake ameshika kalamu bila kusaini.

"Punguzeni," Dada alisema.

Daktari akamwambia waziwazi, kama kawaida yake, kwamba figo linaweza kufa.

"Nililitoa ili aishi yeye," Dada alisema. "Sikulitoa ili liishi lenyewe."

Wifi akasaini. Kalamu ilipasua karatasi kidogo.

Baada ya hapo zilianza siku za kungoja. Kila asubuhi damu ya Ghorofa ilichukuliwa, na kila asubuhi saa tano muuguzi alileta namba ya kreatinini, ule uchafu ambao figo likiwa zima huutoa kwenye damu. Ikipanda, figo linachoka. Kabla ya kuugua, namba ya Ghorofa ilikuwa mia na kumi. Jumatatu ilikuwa mia na ishirini na nane. Daktari aliwaambia wasikimbilie kuogopa, maana hata dawa ya dripu huwa kali kwa figo. Ikikosa maji mengi huganda humo ndani kama chumvi. Kwa hiyo maji yaliingia kwa mshipa, na mfuko wa mkojo ulipimwa kila saa. Dada alijifunza kusoma mistari ya mfuko ule kutoka mlangoni.

Namba ya kichwa haikuwepo. Walimpima kwa kumuuliza jina lake, siku, na jina la kitu kilicho mkononi mwa daktari. Jumatatu alikosa siku na kitu. Jumanne alikosa vyote vitatu. Kipimo cha maji ya mgongo kilikuwa kimeshathibitisha: kirusi cha tetekuwanga, kingi.

Dada alimfuata Daktari kwenye korido kuuliza kwa nini hali inazidi kuwa mbaya ilhali askari wamefunguliwa tangu juzi. Daktari alimwambia kwamba mtu aliyefungwa mikono miaka mitatu, ukimfungua leo, haanzi kupigana leo. Askari wanapaswa kuzaliana, wamtambue adui, wapate njia ya kuingia kwenye ubongo, na ubongo wenyewe hauwaruhusu ovyo. Una ukuta wake. Hata wakiingia wanatakiwa kupigana kwa adabu, kwa sababu chembe ya ubongo ikifa hairudi. Wakija wachache, kirusi kinashinda. Wakija kwa fujo, wanabomoa nyumba waliyokuja kuiokoa.

"Kwa hiyo tunangoja nini?" Dada aliuliza.

"Waje wa kutosha," Daktari alisema. "Na wasije kupita kiasi."

Jumatano mchana mkono wa kulia wa Ghorofa ulianza kuruka juu ya shuka. Likaruka bega, likaruka shavu, kisha mwili wote ukakakamaa. Wifi alimshika kichwa asijigonge kwenye chuma cha kitanda huku akihesabu kwa sauti kubwa, kama anavyohesabu na watoto wake darasani, mpaka muuguzi akafika na sindano. Hesabu ya Wifi ilifika sabini na nane. Baadaye walikaa wawili kwenye benchi, na Dada akamwomba radhi kwa yale ya Jumapili. Wifi alisema ameshasahau. Haikuwa kweli, lakini alisogea akamwachia nafasi kwenye benchi, na Dada akaegemea.

Namba ya Jumatano ilikuwa mia na hamsini na moja.

Alhamisi homa ilishuka. Hawakuthubutu kulisema kwa sauti. Vipele vya kifuani vilikuwa vimeanza kukauka na kufanya magamba. Ijumaa asubuhi Ghorofa alifumbua jicho, akamtazama mkewe kwa muda, akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekauka koo, nani anafundisha darasa lake leo.

Wifi alijifunika uso kwa kanga. Dada alitoka nje mpaka kwenye maegesho, akasimama kati ya magari mawili, akalia kama mtoto. Aliporudi, muuguzi alikuwa ameleta namba. Mia na tisini.

Jumamosi ilikuwa mia mbili na kumi na nne. Walimchoma sindano ndefu tumboni, wakatoa kipande cha figo kidogo kama uzi, na kufikia mchana jibu lilikuwa mezani kwa Daktari. Askari walikuwa wameshaanza kuingia ndani ya figo. Bado hawajaharibu sana. Akiwafunga tena leo, figo lina nafasi nzuri. Lakini ikiwa kirusi bado kiko ubongoni, amekifungulia mlango mara ya pili, na mara ya pili watu hawarudi. Akingoja mpaka awe na hakika, figo linaweza kupita mahali pa kurudia.

Alichota maji ya mgongo upya. Maabara waliahidi jibu Jumapili saa sita. Dada alikuwa amezoea kungoja mkate uumuke, na alijua kwamba ukifungua tanuri mapema umeuharibu, lakini hakuwahi kungoja kitu namna ile. Asubuhi ya Jumapili alikwenda kazini kwa sababu hakuweza kukaa, akaunguza trei nzima, bosi akamrudisha nyumbani. Hakwenda nyumbani.

Saa sita na robo Daktari alitoka ofisini kwake. Kirusi kilikuwa kimepungua mpaka kipimo kilikaribia kushindwa kukiona, na chembe zilizojaa kwenye maji yale sasa zilikuwa za aina inayotakiwa. Askari walikuwa wamekikuta. Sasa atarudisha dozi ya vidonge robo kwa robo, huku dripu ikiendelea wiki mbili zaidi. Bora nusu shari kuliko shari kamili, alisema, na ilikuwa mara ya kwanza Dada kumsikia akisema methali.

Jumatatu namba ilikuwa mia mbili na ishirini. Jumanne, mia mbili na kumi na nane. Muuguzi aliyeileta aliweka karatasi mbele ya Dada na kidole kikaonyesha.

Ghorofa aligundua mwenyewe. Aliletewa vidonge vya asubuhi, akavihesabu kwenye kiganja, akahesabu tena. Mtu aliyemeza vidonge vilevile kwa miaka mitatu havisahau hata akiwa amesahau wiki nzima. Alimuuliza muuguzi, muuguzi akamwambia awaulize nduguze. Mchana walipofika aliuliza nani aliruhusu. Wifi akasema yeye ndiye aliyesaini.

"Mimi ndiye niliyesema," Dada alisema.

"Nilikwambia hapana."

"Uliniambia."

Ghorofa akageukia ukutani. Siku mbili hakusema na dada yake. Dada hakukoma kuja. Alileta mkate wa moto kila mchana, na kwa kuwa mgonjwa hakuugusa, ukawanenepesha wauguzi.

Siku ya tatu Ghorofa alizungumza akiwa bado ametazama ukuta. Alisema kwamba tangu upasuaji hajawahi kula chumvi ya ziada, hajawahi kupitisha saa ya dawa, hajawahi kubeba mota bila kuweka kitambaa tumboni. Alikuwa amejiapiza kwamba siku atakayokufa, kwa uzee au kwa lolote, figo litakuwa bado zima. Alisema anaona aibu.

Dada akavuta kiti karibu na kitanda.

"Nami nilipokusikia ukikataa Jumamosi ile, nilifurahi," alisema. "Nukta moja tu, lakini nilifurahi. Nililihurumia figo kuliko wewe. Sasa tuone nani mwenye aibu kubwa."

Ghorofa akageuka. Alimtazama kwa jicho moja. Alitaka kucheka, lakini paji la uso lilimkataza, akashika nyusi na kusonya. Kisha akauliza kama mkate wa leo umeshaliwa.

Alitoka hospitali baada ya wiki nne. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu ambao daktari wa macho alisema hautaondoka wote, na nyusi iliendelea kuwaka siku za baridi. Kampuni ilimtoa kwenye mashimo. Mtu wa jicho moja hasimami juu ya paa la lifti. Walimpa meza kwenye karakana, akawa anafungua mota na kusuka nyaya. Wenzake walijaribu kumbadili jina, wakamwita Chini, lakini halikushika.

Namba ilishuka taratibu, ikasimama kwenye mia na sitini na nane, na haikushuka tena. Kwenye kliniki ya mwezi wa tatu tangu atoke hospitali, Daktari aliwaambia kwamba sehemu fulani ya figo imepotea na hairudi. Lililobaki linafanya kazi. Linaweza kwenda miaka sita, linaweza kwenda kumi na tano; yeye si mtabiri. Dada alimuuliza maswali mawili, Ghorofa matatu, wakashukuru, wakatoka.

Nje jua lilikuwa kali na njia ya waenda kwa miguu imejaa watu wanaotoka kazini kula. Ghorofa alikuwa akitembea kushoto kwa dada yake akigongana na mabega ya wapita njia, akiomba radhi, akigongana tena. Dada alipunguza mwendo, akapita nyuma yake, akahamia kushoto kwake, upande asiouona. Wakaendelea.